Kufuata mabaki ya machimbo ya makaa ya mawe kwa baiskeli: Rungwe, Kyela na Ileje

Gia_Ndogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Shikamooni wote mliotutangulia.

Ukitaja makaa ya mawe nyanda za juu kusini, watu wanawaza malori ya Ngaka yanayotoka Mbinga. Uzi huu ni wa makaa ya kwetu, kati ya Tukuyu, Kyela na Ileje, yaliyochimbwa miaka mingi kisha sehemu kubwa ya kazi ikasimama na vichaka vikafunika. Kiangazi huwa nazunguka huko kwa baiskeli kutafuta kilichobaki, na naona kinapungua. Nondo zinang'olewa zikauzwe chuma chakavu, matofali yanahamia kwenye nyumba za watu, na wazee waliofanya kazi pale wanatutoka. Nataka tukusanye kumbukumbu wakati wapo wa kuulizwa.

Historia kwa ufupi. Eneo la makaa la Songwe–Kiwira limepewa jina la mito hiyo miwili, na liko pale Ileje inapokaribiana na Kyela na Rungwe. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba aliyezunguka koloni lao miaka ya 1890, aliandika habari za makaa ya upande huu wa Nyasa. Wakati wa Mwingereza wapimaji wakaendelea. Kule Ilima, wilayani Rungwe, kulikuwa na mgodi mdogo uliotoa makaa kabla ya Kiwira. Kisha ukaja mgodi wenyewe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1988. Ulikuwa wa chini ya ardhi, wenye uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka, na pembeni yake mtambo wa umeme wa megawati 6. Uzalishaji ulibaki chini ya uwezo huo. Mwaka 2005 ukaingia mikononi mwa mwekezaji binafsi, uchimbaji wa chini ukafa, na baadaye ukarudi serikalini, chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa.

Anayetoka Mbeya asishuke Kiwira mjini akidhani amefika. Kiwira ile ya barabarani, kabla hujafika Tukuyu, na mgodi wa Kiwira ni sehemu mbili zenye umbali mkubwa kati yake. Jina linatokana na mto mmoja. Mgodi uko chini kabisa, kwenye joto, upande wa Kyela na Ileje.

Kwa nini baiskeli? Bodaboda inakupitisha haraka na kelele zake zinafanya watu wasikusogelee. Kwa miguu unamaliza siku kwenye bonde moja. Lakini kuna sababu kubwa kuliko hizo: miguu yako kwenye pedeli inapima mteremko. Njia za kwetu za kwenda shambani zinapanda mlima moja kwa moja, mtu anakatiza afike. Barabara iliyochongwa kwa ajili ya mzigo mzito haifanyi hivyo. Inazunguka kifua cha mlima taratibu, inapanda kidogo kidogo, na inapokata korongo imewekewa karavati la zege hata kama leo hakuna gari linalopita. Ukikuta unakanyaga kwa gia ileile muda mrefu kwenye mlima ambao ulitegemea kushuka na kusukuma, simama uangalie pembeni. Kuna mtu alilipwa kuichonga hiyo njia.

Kisha angalia udongo. Kifusi cha mgodi wa makaa ni cheusi au kijivu, chenye vipande vya mwamba unaobanduka kurasa kurasa. Nyasi huota kwa shida juu yake, hivyo unaweza kuona kipara katikati ya migomba iliyositawi, na kwa mvua za Rungwe ardhi tupu si jambo la kawaida. Angalia maji pia. Kwenye makaa kuna madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji yanatoa tindikali, na chuma kinatua kwenye mawe ya kijito kama utando wa rangi ya kutu. Nimefuata vijito vya namna hiyo kwenda juu hadi kwenye misingi ya zege iliyomezwa na magugu, bolti zikiwa bado zimesimama pale mashine ilipofungwa.

Naomba mwenye wazazi au babu waliofanya kazi Ilima au Kiwira aje aseme. Wapenda baiskeli nao karibuni.

Mjukuu_wa_Kyela

Ndaga fijo, asante sana mkuu, kwa uzi huu.

Mzee wangu alikuwa shimoni Kiwira miaka ya tisini. Ninachokumbuka ni taa. Alikuwa na kofia ngumu yenye taa mbele na waya ukishuka mgongoni hadi kwenye betri nzito kiunoni. Betri ilikuwa mali ya kazini, anaipokea akiingia, anairudisha akitoka, na wakati wa kurudisha ndipo walipojua nani bado yuko ndani. Alisema usiporudisha taa, hata kama umeshafika nyumbani, watu wanaanza kukutafuta shimoni.

Alituambia chini hawakumaliza makaa yote. Wanachimba vyumba na kuacha nguzo za makaa zenyewe zishikilie mlima. Kwa hiyo ndani ya ule mlima mpaka leo kuna vyumba na nguzo. Nikiwa mdogo nilikuwa naogopa hata kucheza juu yake.

Maji ya kuogea yalikuwa meusi. Mama alikuwa na sabuni yake ya kufulia nguo za mzee tu, na kamba yake ya kuanikia. Sijawahi kuona hayo yameandikwa mahali.

Gia_Ndogo

Mjukuu, hayo ya taa na kamba ya kuanikia ndiyo hasa ninayoyatafuta. Mzee yupo? Kama yupo, mrekodi kwa simu akiwa anaongea, usimwandikie maswali. Muulize siku moja ya kazi ilivyokwenda tangu kuamka.

Mjukuu_wa_Kyela

Yupo, ana nguvu. Nitakwenda Pasaka.

Mtendaji_Mstaafu

Vijana, nawapongeza, lakini neno "kuachwa" mlitumie kwa uangalifu. Kiwira si pori lisilo na mwenyewe. STAMICO walianza kuchimba makaa ya juu kwenye kilima cha Kabulo mwaka 2017, na eneo lile lina leseni. Kuna walinzi na mali. Mkiingia na baiskeli zenu na kamera bila kusema, mtachukuliwa kuwa mmekuja kupeleleza au kuiba vyuma, na aliyewaona atakuwa na haki ya kuwashuku.

Utaratibu ni rahisi. Kijijini, fika ofisi ya kijiji, mwone mwenyekiti au mtendaji, jiandikishe kwenye kitabu cha wageni, sema mnataka kuona nini. Kwenye eneo la mgodi, ombeni ruhusa kwa wenye mgodi. Mkikataliwa, geuzeni. Na kwa kuwa mpaka wa Malawi uko jirani, tembeeni na vitambulisho. Njia za baiskeli kule hazijui mpaka, ila askari wanaujua.

Gia_Ndogo

Asante mzee wangu, nakubaliana nawe kila neno. Ninapozungumzia mabaki nina maana ya njia za zamani, misingi, vifusi na kambi zilizohamwa, nje ya uzio. Na ofisi ya kijiji ina faida nyingine: mtendaji ndiye anayejua mzee yupi alifanya kazi mgodini. Kila nilipoanzia ofisini nilipata mtu wa kunipeleka.

Duara_la_Saza

Mimi ni mchimbaji wa dhahabu, Chunya. Makaa siyajui, lakini mashimo ya zamani nayajua, maana kwetu Lupa yamejaa tangu enzi za Mwingereza. Mgodi wa Saza ulifungwa miaka ya hamsini na mashimo yake bado yanatisha. Niruhusuni niseme kwa ukali kidogo.

Msiingie ndani. Hata hatua tano. Watu wanadhani hatari ya shimo la zamani ni kuangukiwa. Kweli matimba yanaoza na mwamba unashuka, lakini kinachoua kimya kimya ni hewa. Makaa na mbao zinazooza vinakula oksijeni iliyomo ndani na kuacha hewa ambayo haina harufu wala rangi. Unapiga hatua, magoti yanalegea, umekaa chini, basi. Mwenzako anaingia kukuvuta, naye anakaa. Misiba ya mashimo huwa ya watu wawili watatu kwa sababu hiyo.

Na makaa yana lake la ziada, gesi ya methani. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 kwenye hewa inalipuka kwa cheche. Kwa hiyo wale wenye mazoea ya kuwasha kiberiti au mshumaa kupima kama kuna hewa, kwenye makaa ndiyo mmejimaliza.

Halafu kumbukeni mko wapi. Kule Ikama, Busokelo, ardhi yenyewe inatoa gesi ya kaboni dioksaidi kwa wingi kiasi kwamba kuna kampuni inaivuna na kuiuza, ndiyo inayotiwa kwenye soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni. Ukikuta ndege au panya wamekufa kwenye kijishimo asubuhi kabla ya upepo, ondoka upande wa juu, usiiname kuangalia.

Spoku_Kyela

Duara umenena. Mimi naongezea ya chombo, maana ndiyo kazi yangu.

Tukuyu iko kwenye mita 1,600 hivi, Kyela iko karibu na 500. Hiyo ni zaidi ya mita 1,000 za kushuka, na wengi wanaoniletea baiskeli wamekuja kwa mteremko huo. Wanafika raba za breki zimeisha, chuma kinakwaruza rimu, na wengine tyubu imepasuka kwa joto la rimu kwa sababu walibana breki mfululizo kutoka juu. Bana, achia, bana, achia. Simama upumzishe rimu, ushike kwa mkono usikie joto lake. Kwa lami hiyo yenye malori ya mpakani, kama breki zako ni za wasiwasi panda gari hadi chini, baiskeli juu ya keria, uanzie huko.

Phoenix ni baiskeli nzuri sana Kyela kwetu, tambarare, unabeba mpunga, kakao na mama juu. Lakini kwa milima ya Ileje chukua ya gia yenye tairi pana. Hakikisha fraiwili hairuki meno. Beba tyubu nzima, pachi na sulusheni, pampu, kiungo cha cheni. Kifusi cha mgodi kina vipande vya waya na misumari iliyooza, nimetoa kwenye tairi za watu mpaka nimezoea.

Na msije masika. Huku mvua inafika Mei na inapita, udongo unajaa kwenye madigadi mpaka tairi haizunguki. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndiyo raha.

Mwalimu_Jiografia

Niongeze kitu ambacho wengi wanakikanyaga bila kujua. Kwenye vifusi hivyo, vipande vya mwamba wa kijivu unaobanduka kurasa, ukivifungua kwa uangalifu unaweza kuona chapa ya jani refu lenye umbo la ulimi, mshipa mmoja katikati na vimishipa vya wavu pembeni. Ni Glossopteris, mmea wa kundi lililotengeneza makaa ya miamba ya kale iitwayo Karoo. Una umri wa miaka zaidi ya milioni 250.

Majani hayo hayo yanapatikana India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika. Kapteni Scott, msafiri wa Uingereza, na wenzake, waliokutwa wamekufa kwa baridi na njaa mwaka 1912 wakirudi kutoka ncha ya kusini, walikuwa na kilo 16 hivi za mawe kwenye kigari chao, na ndani yake mlikuwa na Glossopteris. Mbegu zake zilikuwa kubwa mno kuvuka bahari kwa upepo, na hiyo ikawa moja ya hoja kwamba mabara ya kusini yalikuwa ardhi moja, Gondwana. Nafundisha somo hilo kila mwaka kwa mchoro wa ubaoni, wakati ushahidi umelala Ileje. Kama kuna msafara, naomba nije na wanafunzi wachache. Tupige picha, mawe tuyaache palepale.

Gia_Ndogo

Mwalimu, karibu sana. Hilo la wanafunzi limenifurahisha kuliko yote hapa.

Bonde_la_Songwe

Mimi nina wasiwasi na hii habari ya maji ya kutu. Rungwe ni nchi ya volkano. Chemchemi zenye chuma ziko nyingi, nyingine za moto kabisa, na hazijawahi kuona mgodi. Ukifuata kila kijito chekundu utazunguka mpaka uchoke.

Gia_Ndogo

Swali zuri sana. Maji peke yake hayatoshi, natafuta ushahidi wa pili mtoni. Makaa ni mepesi kuliko mawe, uzito wake ni kama mara moja na nusu ya maji, wakati mchanga wa kawaida unazidi mara mbili na nusu. Kwa hiyo mto unayatenga wenyewe. Nenda kwenye kona, upande wa ndani ambako maji yanapunguza kasi, uangalie juu ya mchanga. Makaa yanajikusanya pale kwa mstari mweusi pamoja na vijiti na maganda. Kokoto za volkano nazo ni nyeusi, lakini ni nzito na ngumu. Makaa yanang'aa, yanavunjika kwa kucha, yanaacha weusi kwenye kidole.

Ukiyaona, panda na mto. Kila mahali vijito viwili vinapokutana, angalia vyote viwili, fuata chenye makaa. Mahali mstari unapokatika umepita chanzo. Inaweza kuwa tabaka la makaa lililojitokeza lenyewe kwenye ukingo, na hilo nalo ni zuri kuliona, kwa sababu wapimaji wa kwanza waliyajua makaa kwa njia hiyo hiyo. Au ni kifusi, na hapo juu yake kuna njia.

Bonde_la_Songwe

Hapo nimekuelewa. Kuna kona ya mto karibu na kwa wajomba zangu yenye weusi huo, tulikuwa tunadhani ni majivu ya mashamba. Nitaangalia.

Dada_Busokelo

Habari zenu. Naona mnaongea na wazee wa kiume tu. Mkiishia hapo mtapata habari za mashine na mabosi. Nendeni na kwa bibi zetu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anapika mbalaga, yaani ndizi, na kuuza kwa watu wa mgodini. Anajua siku za mshahara kuliko wao, kwa sababu siku hiyo alipika sufuria mbili na alirudi na madaftari ya madeni yamefutwa. Anajua nani alitoka Iringa, nani Ukinga, nani alioa hapa akabaki, kambi ilikuwa na nyumba ngapi na zipi zilibomolewa. Hakuingia mgodini hata siku moja.

Na jinsi ya kufika kwake: shuka kwenye baiskeli kabla hujamsalimia, usimsalimie mtu mzima umekaa kwenye tandiko. Piga hodi, kaa unapoonyeshwa, kula unachopewa. Habari za makaa zitakuja baadaye. Mimi pia naendesha, na kwa kina dada wanaosoma hapa, njia za huko mchana ni salama nilivyoziona, ila twende angalau wawili.

Mnyaki_Ughaibuni

Nawasoma kutoka Bochum, Ujerumani, na moyo unanienda mbio. Huku niliko ni bonde la Ruhr, nchi ya makaa. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu Ujerumani, Prosper-Haniel, ulifungwa Desemba 2018 pale Bottrop. Leo reli za zamani za migodi na viwanda ni njia za baiskeli. Nikitoka kazini napita Erzbahntrasse, ilikuwa reli ya kupeleka madini ya chuma kwenye kiwanda cha chuma cha Bochum, na sasa ni watoto na wazee wanaoendesha. Mgodi wa Zollverein kule Essen ulifungwa 1986, na tangu 2001 ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Ila nisiwaonyeshe picha nzuri tu. Ardhi huku imetitia kwa sababu ya uchimbaji, na pampu za maji hazizimwi. Zikizimwa sehemu ya bonde hili itageuka ziwa. Kuna fedha zimetengwa za kulipia pampu hizo bila kikomo. Kwa hiyo mkiandika kumbukumbu, andikeni na mahali ardhi iliponyanyuka, ilipobonyea, kisima kilichokauka, kijito kilichohama. Huku walijuta kutokuwa na ramani kamili za mashimo ya zamani. Nyumba zinabomoka ghafla hadi leo.

Milima_ya_Ludewa

Kwetu Ludewa makaa ya Mchuchuma yanasubiriwa tangu babu zetu. Hatuna mgodi ulioachwa, tuna alama za utafiti tu: mitaro na mashimo ya kuchoronga. Lakini mkitaka miteremko ya kupima breki za Spoku, njooni Ludewa hadi Manda, mfike ziwani.

Gia_Ndogo

Ludewa tutakuja, tumalize kwanza ya hapa.

Kwa haya mliyosema napendekeza hivi. Tukusanye njia, misingi, kambi, makaravati na vifusi kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuiongezea kwa simu. Midomo ya mashimo hatutaiweka hadharani kamwe, kwa sababu ya watoto na wauza vyuma. Tukiikuta tunaipeleka ofisi ya kijiji kwa maandishi, na kwenye mgodi kwa wenye leseni. Alichosema Mnyaki kuhusu ardhi iliyobonyea tunakiandika pia, na hicho kijiji chenyewe kipate nakala, kwa sababu ndio wanaojenga pale.

Sauti za wazee na bibi zetu ni mali yao. Anayerekodi aombe ruhusa, amsikilizishe mwenyewe alichosema, na jina lisitajwe kama hataki.

Safari ya pamoja iwe Julai, siku mbili. Kundi dogo, watu wanane wasizidi, maana kundi kubwa linatisha vijiji. Tuanze upande wa Ilima siku ya kwanza, tulale Kyela, ya pili twende upande wa Kiwira kwa ruhusa au tuishie nje ya uzio. Mtendaji Mstaafu, tunaomba utuelekeze barua iandikwe vipi.

Mtendaji_Mstaafu

Barua iwe ya ukurasa mmoja: majina, simu, tarehe, sababu, vijiji mtakavyopita. Pelekeni wiki mbili kabla, nakala mbili, moja igongwe mhuri mbaki nayo. Mimi baiskeli magoti hayaniruhusu, lakini nitawakaribisha Kyela. Kuna wazee wawili wa mgodini nasali nao, nitawaita jioni hiyo.

Dada_Busokelo

Nipo, nakuja na mdogo wangu wa kike. Bibi nimeshamwambia, ameuliza mtakuwa wangapi apike.

Mwalimu_Jiografia

Mimi na wanafunzi wawili. Baiskeli moja tu ndiyo yenye gia.

Spoku_Kyela

Mwalimu, za wanafunzi nitazitafuta hapa kwangu, zitakuwa tayari jioni mkifika Kyela, siku ya kwanza wapande gari. Nitakuwa na pampu na raba za breki za akiba za kila mtu. Tyubu za inchi 26 ninazo, wenye tairi za 29 mje nazo wenyewe, Kyela hazipatikani.